Twiga asiye wa huku: shajara ya kazi ya bango, fulana na stika

Jumatatu, 2 Juni

Kazi imeingia leo saa tatu asubuhi. Mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani anataka vitu vitatu kabla msimu haujachanganya: bango la meta 2 kwa 1 la mbele ya ofisi yake, fulana 60 za waongozaji na wapagazi, na stika za milango ya magari mawili. Amekuja na flashi yenye michoro 24 ambayo mpwa wake aliinunua mtandaoni. Twiga, tembo, mbuyu, mgomba, Kilimanjaro, na jua linalozama, maana sijawahi kuona kampuni ya utalii isiyo na jua linalozama. Mafaili kumi na saba ni EPS, matano SVG, mawili AI, zote aina za mafaili ya michoro ya vekta.

Mama anaamini hii ni kazi ya siku mbili. Picha zipo, mimi ni kuzipachika tu juu ya zile alizopiga kwa simu. Dogo ninayefanya naye kazi naye aliamini hivyo mpaka nilipomkalisha chini. Kazi za picha tunafanyia GIMP, programu ya kuhariri picha, na GIMP inakula pikseli, ile miraba midogo ya rangi inayounda picha. Mchoro wa vekta hauna pikseli hata moja. Ndani yake kuna maelezo tu: anzia hapa, pinda hivi, fika pale, jaza kahawia. Kuuleta kwenye GIMP ni kama kumwaga zege. Kabla hujamwaga unahamisha mbao unavyotaka. Likishakauka, utatafuta tindo.

Kwa hiyo kabla sijafungua faili lolote nimechukua futikamba na kalamu. Bango la sentimita 200 ni inchi 78.74. Litatazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, pikseli 100 kwa inchi zinatosha kabisa, basi ni 7,874 kwa 3,937. Fulana inashikwa mkononi na kusogezwa machoni, hiyo ni 300 kwa inchi: mchoro wa kifuani wenye upana wa sentimita 28 unataka pikseli 3,307. Stika nimeziacha kwanza, nina wasiwasi nazo.

Jioni nimemwomba mama anitumie masharti ya leseni. Fulana za wafanyakazi hazina neno. Ila aliposema, "na zikibaki tutawauzia wageni," nikamsimamisha. Leseni za kawaida za michoro ya namna hii mara nyingi zinakataa bidhaa ya kuuza ambayo mchoro wenyewe ndio kivutio. Hapo unalipia leseni kubwa zaidi. Amesema atafikiria. Najua maana yake.

Jumanne, 3 Juni

Tumeanza na twiga. Dogo alimburuta moja kwa moja ndani ya GIMP 2.10, akabonyeza kitufe cha kukubali bila kusoma dirisha, na twiga akaja na shingo ya ngazi ngazi kama imejengwa kwa tofali. Sababu ilikuwa palepale kwenye dirisha alilolipita: GIMP ikifungua EPS inaanzia pikseli 100 kwa inchi, na ulainishaji wa kingo umezimwa. Akarudia, akaandika 2000. Kompyuta ikaanza kunguruma, tukaenda kunywa chai, tukarudi, bado inanguruma.

Namba haikisiwi, inatafutwa. Fungua EPS kwa kihariri cha maandishi cha kawaida (EPS ni programu iliyoandikwa kwa herufi, kwa PostScript, lugha ya kuielekeza mashine ichore nini; unaweza kuisoma) na mistari ya juu kabisa kuna huu:

`%%BoundingBox: 0 0 630 915`

Hicho ndicho kisanduku cha mchoro, kwa vipimo vya 72 kwa inchi. Urefu wa twiga ni 915 gawanya kwa 72, inchi 12.7. Kwenye bango nataka asimame sentimita 80, yaani pikseli 3,150. Gawanya 3,150 kwa 12.7, unapata 248. Hiyo ndiyo rezolusheni ya kumtolea twiga huyu kwa bango hili, na mchoro mwingine utakuwa na namba yake.

Nikaacha dirisha la GIMP, nikamtumia Ghostscript mwenyewe, programu inayosoma PostScript na kuigeuza pikseli, kwa sababu GIMP nayo inamtuma huyohuyo nyuma ya pazia. Akamtoa twiga safi, hana kichwa. Dogo alicheka mpaka akashika meza. Bila kuambiwa, Ghostscript anachora kwenye karatasi yake ya kawaida. A4 ina vipimo 842 kwenda juu, twiga wetu ana 915, na zile 73 zilizobaki nje ndizo macho na pembe. Dawa ni neno moja, `-dEPSCrop`, linalomwambia afuate kisanduku cha mchoro badala ya karatasi. Nimeliandika kwenye ukuta kwa kalamu ya mafuta.

Hadi saa moja usiku michoro tisa ilikuwa tayari kama PNG, yaani picha za pikseli, zenye mandharinyuma wazi. Nikajiona mjanja.

Jumatano, 4 Juni

Ujanja umeisha. Nimemweka twiga juu ya kijani cha msitu nikaona uzi mwembamba wa kijani umezunguka kila doa. Ukiangalia kwa mbali unadhani macho yako yana ukungu. Nikakuza mara nane: pikseli moja moja, mstari mzima, zimepauka. Nikachukua kifaa cha kusoma rangi nikakibofya juu ya uzi. Kiasi pikseli ilivyojaa rangi kikasomeka asilimia 75 badala ya 100. Nikabofya doa lingine, 75. Lingine, 74. Namba ikijirudia hivyo kuna hesabu imejificha.

Nikamchorea dogo pikseli moja kubwa kwenye daftari. Mchoraji wa twiga huyu amekata doa na ngozi vikakutana bega kwa bega kama vigae, hakuna kilicholala chini ya mwenzake. Mpaka wa vigae unapita katikati ya pikseli. Ghostscript akianza na ngozi anaona imefunika nusu ya pikseli, anaweka rangi nusu. Akija kwenye doa anaona nalo limefunika nusu. Anaweka nusu juu ya kilichopo, na nusu ya nusu iliyokuwa wazi inabaki wazi. Robo. Kwa macho yetu ngozi na doa vimeijaza pikseli yote, lakini yeye hajui kwamba ile nusu ya pili ndiyo nusu nyingine. Anadhani zimeangukiana kwa bahati. Robo inayobaki ndiyo inayopitisha kijani.

Mwanzoni wengi huamini faili ni bovu. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilikuwa naenda kuziba nyuzi hizo kwa brashi, doa kwa doa, usiku kucha.

Kwa twiga nimezuia kwa njia fupi. Nimemfungua ndani ya Inkscape, programu ya kuchorea vekta, nimenakili vipande vyote, nimeviunganisha kuwa umbo moja la mwili mzima, nimelijaza rangi ya ngozi na kulilaza chini kabisa. Sasa robo ile inaonyesha ngozi badala ya msitu, na hakuna jicho litakalojua.

Kwa mbuyu njia hiyo imegoma. Majani yake ni vipande karibu elfu mbili na Inkscape ilipoambiwa iviunganishe ikazima. Basi nikatumia njia ya nguvu: toa picha kubwa mara nne kila upande bila kulainisha kingo, kisha ipunguze. Pikseli isiyolainishwa haina nusu, ama imejaa ama haijajaa, kwa hiyo robo haizaliwi. Ukipunguza, pikseli 16 zinakuwa moja na ulaini unapatikana kwa wastani. Mbuyu una kisanduku sawasawa na cha twiga, ni seti moja, kwa hiyo 248 mara nne:

`gs -dSAFER -dBATCH -dNOPAUSE -dEPSCrop -sDEVICE=pngalpha -dGraphicsAlphaBits=1 -dTextAlphaBits=1 -r992 -sOutputFile=mbuyu.png mbuyu.eps`

Zile namba 1 mbili ni za kuzima ulainishaji, maana `pngalpha` inauwasha yenyewe. Kilichotoka ni pikseli 8,680 kwa 12,607, milioni 109, baiti 4 kila moja: MB 438 za kumbukumbu kwa mti mmoja. Laptopu yangu ni ya mtumba, ina GB 8. Imeweza, lakini ilinitazama vibaya.

Alhamisi, 5 Juni

Umeme umekatika saa nne, umerudi saa kumi. Nimekunywa chai nyingi.

Ijumaa, 6 Juni

Mama amekuja kuangalia. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku macho yameshafika kwenye kioo, akanyamaza muda mrefu kidogo.

"Mwanangu, huyu twiga si wa huku."

Nikadhani anatania. Akatoa simu, akatafuta picha aliyopiga Tarangire, akaiweka kando ya kioo. Twiga wetu, twiga wa Kimasai, madoa yake yamechanikachanika pembeni kama majani ya mzabibu. Huyu wa kununua ana madoa makubwa yaliyonyooka kingo, yametenganishwa na mistari myembamba myeupe kama wavu. Huyo ni wa kaskazini mwa Kenya kwenda Somalia na Ethiopia. "Mgeni amesoma vitabu kabla hajapanda ndege," mama akasema. "Ataona bango langu atasema hawa hawajui hata wanyama wao."

Kabla sijapumua akaupeleka uso kwenye mlima.

"Na huu umeutolea wapi?"

Nikauangalia upya, na aibu ikanishika, kwa sababu mlima huu nimekuwa nikiuona kila asubuhi tangu nizaliwe. Mawenzi ilikuwa kushoto, Kibo kulia. Ndivyo unavyouona ukiwa Amboseli, ukitazama kusini. Ukiwa Moshi unatazama kaskazini, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Siku nne nimeushughulikia mchoro huo, nimepima kisanduku chake, nimesafisha nyuzi zake, sikuona. Nilikuwa naangalia pikseli.

Dogo, kwa wema wake, akaugeuza kushoto kuwa kulia kwa kitufe kimoja. Sekunde haikuisha. "Tayari mama."

Mama akainamisha kichwa, nusura akubali. Kisha akakataa. Kibo ya upande wa kule ukiigeuza haiwi Kibo ya huku. Upande wetu ndiko yanakoning'inia mabaki ya barafu ya kusini, Heim, Kersten na Decken; kwenye mchoro kulikuwa na kofia nyeupe ya mviringo kama ugali uliopakuliwa. Na Mawenzi walikuwa wameinyoosha ikawa koni. "Mawenzi alipigwa mchi na Kibo," akamwambia dogo. "Alipoenda kuomba moto. Hujasimuliwa? Sasa wewe unamnyoosha."

Gharama ya siku: michoro miwili iliyokwisha kutolewa inarudi kwenye vekta. Kosa ni langu. Nilikimbilia kumwaga zege kabla mwenye nyumba hajaziona mbao. Afadhali sikuzifuta EPS wala faili la Inkscape, kuna watu hubaki na PNG peke yake na kujisifu wameokoa nafasi.

Jumamosi, 7 Juni

Twiga. Kwanza nimejaribu uvivu: Inkscape ina athari ya kuchakaza kingo za umbo, ukiiwasha kila mstari unajichana wenyewe. Matokeo yalikuwa twiga aliyenyeshewa asidi. Nimeizima.

Halafu kwa mkono. EPS ikiingia Inkscape haiji na leya, yaani matabaka, inakuja na makundi ndani ya makundi, na kila kipande kimevaa kinyago cha kukatia kisichomfaa mtu. Nusu saa ya kwanza ilikuwa kuvunja makundi na kuvua vinyago. Madoa nikahesabu 87. Sikuchora 87. Nimechora tisa kwa kuangalia picha ya Tarangire, makubwa matatu ya ubavuni, manne ya wastani, mawili madogo ya miguuni, kisha nimeyanakili, kuyazungusha na kuyabana. Hila ndogo: doa likizungushwa chini ya nyuzi 30 jicho linamkumbuka ndugu yake. Ukizidisha 60 linasahau.

Na safari hii ngozi ni umbo moja zima na madoa yamelala juu yake. Nyuzi za kijani hazina pa kuzaliwa.

Jumatatu, 9 Juni

Mlima. Mama amenitumia picha aliyopiga alfajiri shambani kwake, mawingu bado hayajapanda. Picha ya kwanza ilifika WhatsApp ikiwa imebanwa na kuchujwa mpaka Mawenzi ni doa la kijivu. Nimemwomba aitume kama dokumenti, ikaja nzima, pikseli 4,000 kwa 3,000.

Dogo alitaka kompyuta ifuate mistari yenyewe. Inkscape ina uwezo huo. Tukaijaribu. Ilitupa umbo lenye nukta zaidi ya 3,800, zikiwemo za nyaya za umeme, mgomba wa jirani na kilichoonekana kuwa kunguru. Kufuta kungechukua muda kuliko kuchora. Nimeilaza picha chini kama leya iliyofungwa, nimeipausha, nimepita juu yake kwa kalamu ya mikunjo. Kibo yote imekaa kwenye nukta 46. Mawenzi, na udogo wake, imekula 71. Mchi ulifanya kazi.

Theluji nimechora kidogo, ilivyo, na hili tumebishana kwa simu. Mama alitaka iongezwe kidogo "kwa ajili ya wageni". Nimemkumbusha kwamba kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85, na mgeni aliyesoma kuhusu madoa ya twiga atakuwa amesoma na hilo. Kimya kidogo. "Haya, acha." Ila nimeiweka theluji kwenye kipande chake chenye jina lake, akibadili mawazo sitagusa mwamba.

Kuhusu majina hayo. GIMP inafungua SVG bila taabu, inakuuliza upana na urefu unaotaka, lakini mchoro wote unaporomoka kwenye leya moja. Mimi nataka mwamba, theluji na msitu viwe leya tofauti ili niutie kila mmoja mwanga wake. Basi nikavipa vitambulisho ndani ya Inkscape na kuvitoa kimoja kimoja:

`inkscape mlima.svg --export-id=theluji --export-id-only --export-area-page --export-dpi=310 --export-filename=theluji.png`

Neno la kutosahau ni `--export-area-page`. Ukiliacha, kila kipande kinatoka kimekatwa kwa ukubwa wake na utakesha unatafuta theluji inakaa wapi. Ukiliweka, vipande vyote vina ukubwa wa ukurasa mzima. Unavifungua kama leya na vinaangukia mahali pake.

Kitu kimoja kizuri nilichokisahau kwa muda mrefu: dirisha la GIMP la kufungua SVG lina kisanduku cha kuingiza na njia zenyewe, yaani mistari ya vekta, mbali na picha. Nimekitiki. Mstari wa mgongo wa mlima umeingia kama njia, nimeugeuza kuwa eneo lililochaguliwa, na picha halisi ya msitu wa mama imekatwa sawasawa na mlima uliochorwa. Ukingo mmoja kwa picha ya kamera na mchoro. Nimekaa nikiuangalia tu.

Jumanne, 10 Juni

Usafi wa vilivyobaki, haraka haraka. Tembo ana kivuli, na kivuli kimekuja na sanduku jeupe nyuma yake. EPS haijui uwazi wa nusunusu. Programu iliyomhifadhi ilikigeuza kivuli kuwa picha yenye mandharinyuma meupe na kuizika humo. Nimekifuta kabla ya kumtoa, nimepaka kivuli kipya ndani ya GIMP kwa brashi laini, dakika tatu. Jua linalozama lina neno SAFARI chini yake lililoandikwa kwa fonti ambayo sinayo, likatokea kwa herufi za taipureta. Nimelifuta pia, hakuna aliyelihitaji. AI mbili zimefunguka Inkscape kama PDF tu, ambavyo ndivyo zilivyo siku hizi ukihifadhi kwa njia ya kawaida.

Rangi ndiyo imenichelewesha. Mgomba kwenye kioo unang'aa kijani cha limau. Nimechapa karatasi moja ya A4 ya kujaribu nje, ukarudi kijani cha mboga iliyolala. Kioo kinachanganya mwanga, printa inachanganya wino wa aina nne, na kuna kijani ambacho wino hauwezi kukifikia hata ukiuombea dua. Nimeishusha rangi mwenyewe ndani ya vekta, kwa kulinganisha na karatasi, ili nichague mimi inapoangukia. Migomba minne imebadilika kwa mpigo kwa kuwa inachota rangi moja. Ndani ya GIMP ningekuwa nachagua jani kwa jani.

Alhamisi, 12 Juni

Fulana ya majaribio. Tunachapisha kwa DTF, ile ya filamu ya plastiki na unga wa gundi, kwa jamaa mwenye mashine mjini. Fulana ni za kijani iliyokoza. Imetoka na mdomo mweupe kuzunguka twiga mzima, kama amekunywa maziwa akajimwagia.

Jamaa akaanza kujitetea, nikamwambia pole, tatizo limetoka kwangu. Mashine inapiga wino mweupe chini ya rangi, popote penye pikseli. Kingo zangu laini zina pikseli za nusunusu: rangi nusu, lakini weupe wa chini unajitokeza. Kwenye bango ulaini ule ndio uzuri wenyewe, kwenye fulana ni uchafu. GIMP ina kifaa cha kukata uwazi, chini ya kiwango fulani pikseli inafutwa, juu yake inajaa kabisa. Kwa 300 kwa inchi pikseli moja ni sehemu ya 0.085 ya milimita, ngazi hazionekani. Ila kwa kuwa vekta ninayo, nimemtoa twiga upya bila kulainisha na kisu hakikuhitajika.

Kope zake pia zimedondoka, unga haukupata pa kushika. Nimezinenepesha mara mbili. Twiga wa fulana sasa ana kope za bibi harusi, na dogo anasema ndiye mzuri kuliko wa bango.

Fulana ya pili imekubalika. Tunachapa 60.

Jumamosi, 14 Juni

Bango. Leya 19. Kila leya ya ukubwa kamili ni MB 124, ukizijumlisha zinapita GB 2.3 kabla hujaanza kuhariri, na GIMP ikashuka mwendo wa konokono. Nimezibana leya zote zifuate mchoro uliomo, maana twiga hana haja ya kubeba hewa ya bango zima, ikapumua. Nimeacha sentimita 5 kila upande bila kitu cha maana, kwa ajili ya mkunjo na vishimo vya kamba. Mwaka fulani nilitoboa namba ya simu ya mteja katikati.

Mama amelipokea saa kumi. Amelitandika sakafuni, amevua viatu, amepita pembeni yake polepole. Amefika Mawenzi akasimama.

"Sawa," akasema. "Huyo ndiye."

Jumatatu, 16 Juni

Stika. Wasiwasi wangu wa siku ya kwanza ulikuwa huu: mashine ya kukata stika haina wino. Ina kisu, na kisu kinataka mstari wa kufuata. Hapa pikseli hazina kazi. Ningeipelekea PNG angelazimika mtu kuchora upya. Nimerudi kwenye SVG ya twiga na mlima, nimeondoa rangi zote nikabakiza moja, na nimeunganisha kila maumbo yaliyopandana, kwa sababu kisu hakijui kilicho chini na kilicho juu, kinakata kila mpaka kinaouona. Kope nimezitoa kabisa. Kwenye mlango wa gari la porini hazitamaliza wiki.

Faili zima ni KB 212. Nimemtumia mama kwa WhatsApp, kama dokumenti, ampelekee fundi wa stika.

Dakika tano simu inaita. "Mangi, mbona hili halifunguki kwenye simu yangu?"

"Halitafunguka mama. Mpe fundi hivyohivyo."

"Na nikilipiga picha kwenye kompyuta yako nimtumie hiyo?"

"Hapana, mama. Hivyohivyo."